Upande Wako wa Ubao

Baba Zuhura, mume wangu,

Amani iwe juu yako huko ulikolala, na Mola akukunjulie nafasi. Mimi niko hapahapa Masuguru. Nimetoka kuswali alasiri, na kuna jambo nimelifanya leo ambalo sina mwingine wa kumwambia.

Wiki iliyopita nilianguka jikoni. Mwanao Zuhura alikuja kutoka Kilole akanikuta nimeegemea ndoo, jasho linanitoka. Hospitali wakasema sukari imeshuka, nameza dawa za kisukari bila kula vya kutosha, nikiendelea hivyo siku nyingine sitaamka. Mwanao akabishana nao: "Mama anakula! Kila siku anapanga ubao wake!"

Kweli naupanga. Ule wa mninga uliouranda mwenyewe, tuliokuwa tukipanga chakula baridi juu yake na kula pamoja ukirudi kutoka karakana. Tangu eda iishe na majirani waache kuniletea sahani, ndicho chakula changu: nyama kavu ya Handeni, muhogo wa jana, tango, karanga, yai, chungwa moja. Kazi ndogo, haina hata moshi.

Jana Zuhura akakaa kunitazama nikila. Nilipoanza kunawa akasema, "Mama, mbona nusu?"

"Nimekula kilicho mbele yangu."

"Na hicho kingine cha nani?"

"Cha kuku."

"Ndiyo maana kuku wamenenepa na wewe umebaki mifupa! Basi panga cha mtu mmoja."

"Nikipanga cha mmoja, nakula nusu ya hicho."

Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. Ningemwelezaje? Tumelelewa kwamba anayekula na mwenzake hapeleki mkono ng'ambo. Miaka yote ile wewe ulikaa upande wa mlango, mimi upande wa jikoni. Mkono wangu haujui njia ya kuja kwako.

Lakini wewe unajua kuna zaidi. Nilipokuwa mwali, ulinishika mkono wenye kisu ukasema, "Kata kwa kukingama nyuzi, usizifuate, mke wangu, nyama ni kama mbao." Sikujifunza. Hata siku ile wageni walipokuja, ukawaambia, "Huyu hakati nyama, anapasua kuni." Wakacheka, nami nikacheka nao. Asubuhi yake nikaenda kwa Zuhura bila kukuaga. Ulikuwa mzaha tu, Baba Zuhura, na mimi nikaununia kama mtoto.

Niliporudi, magharibi inakaribia, ulikuwa umejilaza mkekani. Nikapita bila salamu, nikijua utaniita. Nikafunua kawa juu ya ubao. Upande wako ulikuwa umeisha. Upande wangu haukuguswa, na nyama ya upande ule ulikuwa umenikatia mwenyewe, nyembamba hata mwanga unapita. Nikageuka nikuombe radhi. Nikakuita mara tatu.

Tangu siku ile, kula upande wako naona kama kusema basi, habari imeisha, na mimi bado sijajibiwa. Nimemwuliza Mola kwenye kila sijda kama uliondoka umeniridhia. Mola ndiye ajuaye. Mimi nina ule upande wangu uliofunikwa tu, ndio jibu nililoachiwa.

Leo nimepanga tena. Nikasoma Bismillah, nikala upande wangu mpaka ubao ukaonekana. Kuku wakasogea mlangoni, wameshazoea. Zuhura alikuwa amesimama nje ya dirisha akijifanya anaanika nguo. Nikafikiri: nikianguka tena, ni yeye atakayenikuta, kama nilivyokukuta wewe.

Nikaushika ubao kwa mikono miwili, nikaugeuza. Upande wako ukaja mbele yangu. Nikasoma Bismillah mara ya pili.

Nilikula polepole. Nyama ilikuwa ngumu, mume wangu, nilikuwa nimeipasua kama kuni. Nimetafuna mpaka taya zikauma, na sikubakiza kitu.

Nimekula fungu lako. Niridhie kwa hilo, na kwa lile la kwanza, la kuondoka bila kukuaga.

Mkeo uliyemkatia nyama,
Mama Zuhura