Nywele za Kerai

Jumanne, 6 Machi 2001

Nimepangusa lenzi, nikabadilisha betri za flashi, nikanywa chai ikiwa imepoa. Kisha nikaenda Kisaju na Nduku, mwenye studio ya picha hapa Kitengela. Jua kali. Kivuli hakuna.

Kazi ni ileile tangu nistaafu ualimu. Tunapiga picha za watoto wenye mdomo wa sungura, picha zinapelekwa kwa madaktari Nairobi, wao wanachagua nani atapasuliwa bure watakapoweka kambi Kajiado. Daktari hawezi kufika kila boma, kwa hiyo picha ndiyo inayokwenda kwake. Hatulipwi, na sitaki kulipwa. Nataka tu kusikilizwa, na hilo limekuwa gumu.

Leo Nashipae alikuja na mwanawe. Mdomo umepasuka hadi puani, akinyonya maziwa yanatokea puani. Nywele za mtoto ni ndefu, hazijawahi kuguswa na wembe. Za mama vilevile. Nimeuliza jina. "Kerai." Kwa Kimaasai maana yake ni mtoto tu. Yaani bado hajapewa jina, na mpaka apewe, yeye na mama yake hawanyolewi. Nimempiga akiwa amepakatwa na mama, na nyuma ya picha nitaandika Kerai. Niandike nini kingine?

Ijumaa, 16 Machi

Mratibu wa Nairobi amepiga simu studio. Picha zangu zimetulia mno, anasema. Wafadhili wanataka machozi. Nimemweleza kwamba mtoto akilia mdomo unavutika na daktari haoni pengo sawasawa. Amesema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayetazama saa.

Nimekasirika mchana kutwa.

Jambo moja jema: Kerai amechaguliwa. Aletwe Jumatatu ya kwanza ya Aprili.

Jumamosi, 24 Machi

Nimealikwa Kisaju kwa akina Nashipae. Mtoto anapewa jina. Walikuwa wakiahirisha kila mara, nadhani kwa sababu ya ule mdomo. Sasa babu yake amekataa kungoja. Ameniambia, "Mwalimu, hii mtoto itaenda kulazwa na dawa, ikatwe kisu. Wakiiita iamke, itaitika nani?"

Nikaandaa kamera.

Wamemnyoa mama, kisha mtoto. Wembe, maziwa kidogo na maji. Nimepiga picha kabla, katikati, na baada, vichwa viking'aa kwa mafuta. Anaitwa Lemayian. Mtoto wa baraka. Alilia wakati wa kunyolewa tu.

Jioni Nduku alitaka filamu aisafishe. Nimekataa kwa kuwa haijaisha, na sijawahi kutoa filamu katikati.

"Basi hiyo utaimaliza ukiwa mbinguni, Mwalimu. Na huko hakuna studio."

Jumatatu, 2 Aprili

Nimeshindwa leo.

Kajiado, mapema. Nashipae alifika na mtoto hajala kitu, kama alivyoagizwa. Karani wa mapokezi akatazama picha, akamtazama mtoto, akarudia picha.

"Huyu si yeye."

Nikaeleza. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote, nimeeleza kupatwa kwa mwezi kwa kutumia chungwa na taa, wakaelewa. Leo nimeshindwa kueleza wembe.

"Mzee, picha iko na nywele. Hapa nywele hakuna. Picha inasema Kerai, nyinyi mnasema Lemayian. Hata mama ni mwingine, huyu ni kipara. Mwaka jana walituletea binamu badala ya mtoto aliyechaguliwa. Mimi ndiye niligombezwa."

Nikamwambia atazame mdomo. Mdomo ni uleule!

"Midomo yote hapa imepasuka, Mzee."

Wengine wakaingia. Mtoto alilia njaa mpaka sauti ikakauka, ndipo Nashipae akamnyonyesha, na siku ikawa imeharibika. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Si mlisema picha ndiyo itatusaidia?"

Nimewaacha wamelala kwa ndugu yao Kajiado. Nikiwa karibu kufika nyumbani nimekumbuka. Kamera ilikuwa shingoni mwangu siku nzima. Ile filamu ya siku ya wembe bado iko ndani yake.

Jumanne, 3 Aprili

Kitengela hakuna stima. Bila stima Nduku hawezi kuchapa picha hata moja. Nimekaa kwenye benchi nje ya studio yake nikiilaani kampuni nzima ya umeme, jambo lisilofaa kwa mzee wa kanisa.

Nduku ndiye aliyefikiri. "Picha haiwezekani, lakini negativu naweza na mkono. Leta hiyo kitu, na uache kununa."

Kwa bahati natumia filamu nyeusi na nyeupe. Ya rangi ingetaka mashine. Ameitoa ndani ya mfuko mweusi kwa kupapasa, akaitia kwenye kopo la dawa, akawa anatikisa na kuhesabu kwa mdomo. Mimi nilisimama tu. Ikatoka safi.

Faida ya negativu ni kwamba picha zimefuatana kwenye ukanda mmoja. Mtoto mwenye nywele. Mtoto aliyenyolewa nusu kichwa. Mtoto kipara. Siwezi kurudi katikati nikachomeka mtoto wa jirani.

Jumatano, 4 Aprili

Kajiado tena. Karani ameinua ukanda dirishani.

"Mbona huyu mtoto ana mvi?"

Nikavuta pumzi. Nikaeleza kwamba kwenye negativu cheusi huonekana cheupe. Safari hii nilieleza polepole, kidole changu kikitembea picha kwa picha. Kabla. Wembe. Mafuta. Akamtazama Nashipae kichwani muda mrefu.

"Kumbe walinyolewa siku moja."

"Ndiyo nilivyosema Jumatatu."

"Lakini nafasi yake nimeshampa mwingine."

Nilitoka nje nikazunguka jengo. Niliporudi alikuwa ametoka kuzungumza na daktari. Ijumaa, mwisho kabisa, kama muda utabaki. Kambi inafungwa siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 5 Aprili

Kungoja. Mvua. Mratibu ameuliza kama nimepata picha za machozi. Ninayo ya kwangu, ningemwambia, kama angekuwa mtu wa mzaha.

Ijumaa, 6 Aprili

Mchana ulipita. Wauguzi walikuwa wameanza kufunga masanduku. Ndipo wakamchukua.

Babu yake alikaa kando yangu na fimbo magotini.

Baadaye muuguzi alitoka na mtoto kwenye kitanda cha magurudumu, mdomo umeshonwa, uso umevimba. Alikuwa akimgongagonga shavu kidogo. "Kerai! Amka, Kerai!" Alisoma nyuma ya picha yangu. Mtoto hakutikisika. Nashipae akasogea, akainama, akasema, "Lemayian." Jicho moja likafunguka.

Sisemi kwamba ni jina lililomwamsha. Dawa huisha yenyewe. Naandika nilichoona.

Babu hakunitazama. Alicheka peke yake, chini kwa chini.

Jumapili, 8 Aprili

Baada ya ibada nimepita Kisaju. Takwenya, iko, tukasalimiana Kimaasai. Mtoto ananyweshwa maziwa kwa kijiko. Hayatokei puani. Nashipae alinionyesha mara mbili, akidhani sikuona.

Kamera niliiacha nyumbani.

Aliomba kitu kimoja. Anataka picha ya kwanza, ile yenye nywele na mdomo uliopasuka. Uso ule haupo tena, anasema, na ndio aliouzaa. Picha yenyewe imebaki Nairobi na sitaipata, nawajua. Lakini kwenye ukanda wa Nduku ipo nyingine, ya kabla ya wembe, mtoto akitazama lenzi bila kulia. Ametulia mno.

Ukanda nimeuning'iniza dirishani, hapa ninapoandikia.

Stima imerudi Kitengela.