Barua Iliyoingia Kapuni

Ijumaa, 3 Machi

Kesho! Kesho kikundi chetu cha waandishi kinapokea mtu mpya. Ni fundi cherehani wa jirani, yule anayekuja dukani kwangu kutoa fotokopi za mishono. Wiki iliyopita kaniuliza kwa sauti ya chini — ati, hapo mnapokutana ni lazima mtu awe kasoma sana? Thubutu! Nikamwambia njoo. Mwalimu (mstaafu, mwenyekiti wa kujiteua) kaguna. Anaona tutageuka kijiwe cha porojo. Nikamjibu duka ni langu na viti ni vyangu. Akanywea.

Nimefagia chumba cha nyuma, nimesogeza maboksi ya karatasi, nimebandika mlangoni: KARIBU, HATA KAMA HUJAWAHI. Mume wangu kauliza, hujawahi nini? Leo simjibu mtu.

Jumamosi, 4 Machi

Amekuja! Saa tisa kamili, tepu ya kupimia bado shingoni. Nikamweleza utaratibu: karatasi zinaingia kapuni bila jina, mtu mwingine anasoma, na mwenye kazi hafungui mdomo. Niliubuni mimi, ili wenye haya wasiaibike.

Akatumbukiza yake. Nikaivuta mimi. Kurasa za daftari la vipimo, nikajua ya nani, nikasoma kama sijui. Kali! Dada wawili wamegombea cherehani ya marehemu mama yao, miaka tisa hawasemeshani, na mdogo anaomba msamaha. Kinyozi, mwenzetu wa kikundi, alifuta macho, akasingizia vumbi. Sasa mimi sikutaka kumpaka Fundi mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikakosoa kama tunavyokosoana: dada mkubwa katiwa chumvi mno, nani anakaa miaka tisa kwa sababu ya cherehani? Mwalimu akaongeza, haaminiki kabisa. Kinyozi akataka afe mwishoni. Nusu saa ya ubishi, raha tupu!

Tulipokuwa tunakunja viti, Fundi akaniambia taratibu. Si hadithi. Ni barua. Alitaka tu kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine kabla hajaipeleka.

Tumemuua dada wa mtu!

Jumapili, 5 Machi

Utaratibu wangu mwenyewe ndio uliomziba mdomo. Mjinga mimi.

Jumatatu, 6 Machi

Kwa Fundi kumefungwa. Nimepita mara tatu, ya tatu nikijifanya natafuta zipu. Mwalimu kapiga simu — si nilikwambia, watu hawa hawajazoea kukosolewa. Watu gani hawa? Nikamwambia tuliokosea ni sisi, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Kisha akauliza, asiporudi je?

Asiporudi, basi karibu yangu ni ya mlangoni tu. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 9 Machi

Ujumbe! Kutoka kwake! Maneno manne: Jumamosi niwekee viti viwili.

Nimeruka mpaka mteja akaangusha picha zake za pasipoti. Viwili vya nini? Analeta nani? Mume wangu ati labda analeta wakili. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Jumamosi, 11 Machi

Naandika humu humu mkutanoni, daftari magotini, siwezi kungoja nyumbani! Tumeanza kwa sheria mpya: kabla ya kusomwa, mwenye karatasi anasema anataka nini — akosolewe au asikilizwe tu. Aliyeipendekeza ni Mwalimu. Mwalimu!

Fundi kaingia saa tisa na dakika kumi. Nyuma yake mama mmoja mrefu, pua ile ile ya Fundi, mkoba kaukumbatia. Nikasimama kuomba radhi. Fundi akaniwahi. Lile swali lenu, alisema, nani anakaa miaka tisa kwa sababu ya cherehani — nilikwenda kumuuliza mwenyewe. Anasema haikuwa cherehani hata siku moja.

Mwalimu akampisha kiti chake chenye mto. Mama hakukaa. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani aliyesema yeye haaminiki. Mimi na Mwalimu tukanyoosha mikono kama watoto wa shule. Kinyozi yeye akainamia viatu vyake, habari ya kifo hakuitaja!

Basi mkoba ukafunguliwa. Kurasa nne, pande zote mbili! Kapu kalikataa, anasoma mwenyewe. Nikamuuliza kama sheria inavyotaka: mama, tukukosoe au tukusikilize? Akasema sisi tufanye tupendavyo, hakuja kwa ajili yetu.

Amekaa sasa, uso kwa uso na mdogo wake. Ameanza kwa kumwita jina la utotoni, Fundi keshaanza kulia, na bado tuko mstari wa kwanza —