Mkono wa Mzee Werema

Jeni, uko wapi? Yamemkuta Bhoke.

Tulipanda ile baiskeli ya watu kumi, mnakanyaga huku mnakunywa bia, tunapita kando ya ziwa hapa Musoma. Njiani akapanda mzee mmoja, akidhani ni usafiri. Kumbe Mzee Werema, baba mkwe wa Bhoke, ametoka Butiama.

Bhoke akaficha chupa miguuni. Wote wawili wakaangalia chini.

Kwenye kona mzee akateleza. Bhoke akamdaka mkono. Jeni, alimshika. Mkono kabisa. Na unajua kwao baba mkwe haguswagi na mke wa mwanawe, ni mwiko.

Mzee akasema tu, "Nishusheni."

Sasa amekaa kwenye jiwe, ule mkono ameuweka mbali kama si wake. Bhoke analia, ananiuliza, "Ningemwacha aanguke?"