Infirmière mwenye nilirudisha Lukafu

Siku ya tano, mangaribi

Nani alinituma nipime bantu na sala?

Mimi na docteur wa hopitali yetu tulikuwa tunachagua infirmière, muuguzi wa batoto benye kuzaliwa mbele ya wakati. Kila mutu nilimwambia: "Tufungulie na sala." Clarisse aliomba mpaka docteur akapanguza macho. Béatrice, mwenye alitoka Lukafu, akasema: "Mama, mie sijue kuomba mbele ya bantu. Munipe mutoto, nimutafutie mushipa." Nikaona ni kiburi. Nikamurudisha.

Leo Clarisse alitoboa katoto ka Mama Nadine mara tano, serum, maji ya ku mushipa, haikuingia. "Mama, tuombe," akaniambia, akaweka sindano chini. "Omba, lakini utoboe!" nikamujibu. Mwisho ni mimi nilipata mushipa, ku kichwa, kwa bahati tu. Macho yangu haione tena muzuri. Na ile sindano ikitoka usiku, Clarisse ni peke yake...

Nimeita Béatrice ku telefone. "Nilishapata kazi huku kwetu, Mama. Asante kwa kunikumbuka." Hata hasira hana.

Bwana, unisamehe. Nimevaa blouse ya kazi tena, narudia ku hopitali. Nitamupa Clarisse mukono wangu, atoboe mpaka azobee.