Kabati la Kwaya

Jumatatu, 3 Juni
Nimetoka kiwandani Thika saa kumi. Nimefika kwangu mtaani Kiuu, nikateleka chai, nikaua majoka matatu na wanaume kama ishirini. Kisha nikaandaa somo la Jumapili. Ndiyo kawaida yangu. Kutwa nasimama kwenye mananasi nikiambiwa niharakishe. Kwenye gemu nina upanga na uchawi, na mimi ndiye ninayeogopwa. Naipenda. Basi, nimeandika.

Wazee wa kanisa wanakuja Ijumaa. Kabla mtu hajasimikwa kuwa mzee, kama mimi mwezi huu, lazima waombee nyumba yake, chumba kwa chumba. Na mwezi uliopita nilifundisha vijana kwamba gemu za damu na uchawi ni mlango wa shetani. Nilifundisha vizuri. Wawili walilia.

Jumatano, 5 Juni
Nitaificha wapi mashine ya gemu? Jirani ana mdomo. Chini ya kitanda watapiga magoti na kuona.

Jioni. Nina funguo za kabati la kwaya. Nani huombea kabati la kanisa? Nimeifunga mashine kwa joho kuukuu, nikaisukuma nyuma ya spika. Siku tatu tu, Jerusha.

Ijumaa, 7 Juni
Wameombea hadi friji. Wakanywa chai, wakasema nyumba hii ina amani. Nikasema amina, kwa sauti laini kabisa. Sauti hiyo imenitisha kuliko wazee wenyewe.

Jumapili, 9 Juni
Imepatikana.

Wambui, msichana anayetupigia kinanda, aliazima funguo ya shemasi jana atafute waya kabatini. Shemasi akamkuta ameishika. Akaulizwa ni ya nani, akanyamaza. Leo mchungaji ametangaza: kitu cha giza ndani ya nyumba ya Mungu, na Wambui asiguse kinanda miezi mitatu. Mamake aliinama hadi ibada ikaisha. Mimi nilikuwa mbele naongoza wimbo. Niliimba beti zote nne.

Jumatatu, 10 Juni
Naogopa. Mungu au watu? Nimejiambia ukweli. Watu.

Njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa nikiwaambia watoto wa Sunday school. Yangu inaendelea tu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Hakuna anayenishuku. Jumapili nitasimikwa.

Jumanne, 11 Juni
Nimeenda kwao Wambui. Alikuwa anaanika nguo nyuma ya ploti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu kwamba ile mashine ni yangu.

Hakushtuka. Akaendelea kubana nguo.

"Najua, Auntie. Niliiwasha kwa ile TV ya kanisa, nikaona jina lako. Nikaizima kabla shemasi aingie."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Wewe ndiye ulinifunza kinanda."

Nililia pale kwenye kamba za nguo za watu. Sijui kama ni dhambi kuua watu wa kioo cha gemu. Huyu si wa kioo, na nimemwacha abebe adhabu yangu siku mbili.

Jumatano, 12 Juni
Nimewaambia wazee wote, wamekaa kwa mstari. Hakuna aliyefoka. Afadhali wangefoka. Kusimikwa hakuna tena, na kwaya nisiongoze hadi waamue. Wambui arudishwe, wamekubali, na mchungaji atasema mbele ya kanisa kwamba mwenye kosa ni mimi. Wakauliza kama nitaichoma mashine. Nikasema bado sijui. Nimechoka kujibu vizuri.

Jumapili, 16 Juni
Nimekaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Jina langu lilipotajwa, vichwa viligeuka. Nikatazama viatu vyangu.

Kisha wimbo. Wambui akapotea kwenye ubeti wa pili, palepale anapopotea siku zote. Akaangalia mahali ninaposimama nikiongoza. Hakuna mtu. Akatafuta benchi kwa benchi hadi akanipata.

Nikainua kidole, nikamhesabia mapigo.