Walivyosema juu ya Mwisho wa Kitabu Chako

Arua,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu Elisha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na kile kifua kilichokusumbua msimu wa baridi kimetulia. Mama naye, goti linaendeleaje? Wifi aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi anakwenda kanisani na kurudi kwa miguu yake mwenyewe, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mwalimu mwenzangu akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, wanafunzi wananisikiliza, na Kiswahili changu cha Singida kimeanza kuchanganyika na cha wenyeji. Juzi nimejisikia sokoni nikisema "nyanya hii iko mzuri", nikacheka peke yangu njia nzima.

Siku ile uliponiuliza wasomaji wa huku wanasemaje juu ya riwaya yako, Mlinzi wa Ghala, nilinyamaza, nawe ukadhani nakuficha. Ukasema, "Usihangaike, Tabitha. Hata huku wamesema mwisho wake ni mbovu. Kuandika nimeacha." Sikunyamaza kwa sababu hiyo, kaka. Habari yenyewe ilikuwa ndefu na bado ilikuwa inaendelea, nikaona nisubiri, uje uisome umekaa.

Ile riwaya nimeisoma na watu wazima wanaokuja shuleni kwetu Jumamosi alasiri kunyoosha Kiswahili chao. Nakala nilizobeba hazikutosha, kwa hiyo tulisoma kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Yupo Letasi, mwalimu wa jiografia, Mlugbara wa hapa hapa, rafiki yangu mkubwa. Yupo Acidri, seremala wa Onduparaka, ambaye timu yake ikicheza Jumamosi hatumwoni. Yupo Mama Vumilia, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, anayeongea Kiswahili kwa kasi kuliko sisi wote. Na yupo Mzee Taban wa Koboko, dereva wa malori mstaafu, ambaye kila mwisho wa wiki huja Arua kwa binti yake. Kiswahili chake alikipata jeshini na barabarani.

Mwanzoni walibishana kwa raha tu. Acidri alilalamika kwamba Inspekta Zawadi, mpelelezi wako, anafikiri sana na hapigi mtu. "Polisi gani huyu hapana vunja hata mlango moja?" Letasi aliapa tangu sura ya kufuli kwamba muuaji ni mhasibu, akamshtaki mhasibu wake huyo kwa wiki kadhaa kama wakili wa upande wa mashtaka, na ukweli ulipotoka alinuna, akasema umemdanganya makusudi. Nikamwambia ndiyo kazi yako. Mama Vumilia alimpenda Inspekta kwa sababu ni mwanamke na hacheki ovyo. Mzee Taban alisikiliza tu, fimbo katikati ya magoti, lakini mtu akikohoa wakati wa kusoma alimkata jicho.

Sura ya mwisho Mzee Taban alitualika tukaisomee kwake Koboko. Mke wake alitupikia kisra, ule mkate mwembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia, tukala mpaka tukashindwa. Kisha nikasoma mimi. Unajua mwenyewe ulivyoandika: muuaji ameshakamatwa, Inspekta anasafiri hadi kijijini kwa mama wa yule mlinzi aliyeuawa kumpa habari ya msiba. Bibi anamkaribisha kwa furaha, anampa uji, anauliza, "Mwanangu umemwona huko mjini?" Na Inspekta, aliyesema ukweli kitabu kizima, anajibu, "Nimemwona. Anakusalimu. Kazi imembana." Anamaliza uji, anaondoka.

Nilifunga kitabu. Mzee Taban alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Huyu polisi iko na roho," alisema. "Mama mzee namna ile, wewe tampa yeye kifo ya nini? Acha yeye kufurahi."

"Roho gani?" Mama Vumilia alidakia. "Huyu mwanamuke ni mwizi! Ameiba kilio ya ule mama."

Acidri akacheka. "Kilio inaibiwa?"

"Inaibiwa, ndiyo. Mi kaka yangu alipotea njia ya Bunia. Watu wanakuja kwangu, wananiambia iko muzima, mara iko Kisangani, mara anafanya kazi kwa migodi. Mi nachunga shati yake mpaka leo. Sijui nilie, sijui ningoje. Kama kuko mutu aliona maiti ya kaka yangu, na akakunywa chai yangu, na akanyamaza, ule hapana rafiki. Ule ni adui yangu."

Letasi alijaribu kutuliza. Alisema mwandishi hajasema Inspekta amefanya vizuri, ameonyesha tu alichofanya. Mama Vumilia akajibu kwamba basi ungeongeza ukurasa mmoja umrudishe huyo Inspekta kutoka njiani akaseme ukweli. Wakawa wanapandishiana sauti. Mzee Taban aliinuka, akasema anakwenda kuswali, ingawa wakati wa swala ulikuwa bado. Hakurudi. Mke wake akaja kutuambia kichwa kinamuuma.

Tulirudi Arua kila mtu akiangalia dirisha lake. Jumamosi iliyofuata Mama Vumilia hakuja, wala Mzee Taban. Nitakuambia ukweli, kaka, nilikukasirikia kidogo. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima huku mgeni, nimepata watu wa kucheka nao, na ukurasa wako mmoja umewatawanya.

Siku chache baadaye, nikitoka darasani, nikamkuta Mzee Taban amesimama getini, kanzu imepigwa pasi. Hakutaka kuingia ofisini. Tukakaa kwenye benchi la mlinzi.

"Mwalimu," akasema, "kijana moja, jina yake Ezama, ilikuwa tanboi yangu." Ndivyo wanavyomwita utingo huku. "Sisi kwenda Juba na lori. Baada ya Yei, homa ilikamata yeye. Vita iko mbele, vita iko nyuma, hospitali hapana. Yeye kufa mikono yangu. Mimi na madereva, sisi zika yeye kando ya barabara."

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mama wa kijana, huko Omugo. Mama alitoka kumpokea akicheka, akauliza mwanangu yuko nyuma? Mdomo ukakataa. Akasema Ezama amepata kazi Juba, atakuja.

"Yeye kunipa uji, mwalimu. Mimi kunywa. Kama ule polisi, mpaka uji yenyewe." Alivua kofia akaiangalia. "Baadaye kila Krismasi mimi kuleta sukari, sabuni. Mimi kusema, Ezama ametuma. Na yeye kushukuru. Miaka mingi, yeye kushukuru mtu ya kaburini. Kaka yako alijua mimi namna gani?"

Nikamwambia hukumjua. Ulikaa mezani kwako Singida ukaandika tu.

"Sawa. Sasa mimi nataka kwenda sema. Wewe kuja, na Letasi, na ule mama ya Kongo. Peke yangu mimi tasema uongo tena."

Nilikwenda sokoni kwa Mama Vumilia. Alinisikiliza huku anakunja vitenge, na kila alipomaliza kimoja alikikunjua akaanza upya. "Mi nilimuita adui mbele ya watu," alisema mwishowe. Nikamwambia hakumtaja yeye. "Lakini alisikia," akasema, akafunga kibanda chake mchana kweupe.

Tulikwenda Omugo na gari la mkwe wa Mzee Taban. Mama Ayikoru, mama yake Ezama, tulimkuta uani anabangua karanga. Ni mwembamba, mrefu, amenyooka. Alipomwona mzee uso ulichanua, akatoa viti, akasema kitu kwa Kilugbara, na Letasi akaninong'oneza: "Anauliza, umeniletea salamu gani za mwanangu?"

Nikaona Mzee Taban anavyotazama chungu cha uji kilichokuwa jikoni, na nikahofu kwamba safari yetu imekwisha hapo. Alimtazama Mama Vumilia. Mama Vumilia aliinuka kwenye kiti alichopewa, akaenda kukaa chini kando ya bibi, bega kwa bega, akachukua karanga akaanza kubangua naye.

Ndipo mzee akasema. Alisema yote kwa Kilugbara, polepole, bila kuinamisha kichwa.

Mikono ya Mama Ayikoru ilisimama. Hakulia. Aliuliza maswali, na Letasi akanitafsiria moja moja. Nani alimwosha? Mimi, akasema mzee, kwa maji ya galoni tuliyobeba ya kunywa. Mlimfunika na nini? Na blanketi langu. Alisema nini? Alikuita wewe, mama, mpaka mwisho.

"Na sukari?"

"Sukari ilikuwa yangu."

Alisimama, akaingia ndani, akatoka na vipande vya sabuni vilivyobaki, akavitupa miguuni pa mzee. "Ondoka kwangu." Mzee Taban akaondoka, akaenda kusimama barabarani juani. Na hapo ndipo Mama Ayikoru alipolia. Sijasikia kilio kama kile, kaka. Majirani walikuja wakikimbia. Mama Vumilia alimkumbatia akalia naye, yeye akimtaja kaka yake kwa jina, bibi akimtaja Ezama, lugha mbili na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Jua lilipoanza kushuka bibi alituma jirani akamwite mzee. Usidhani alimsamehe. Alimwambia, "Wewe ndiye uliyemzika. Wajomba zake watataka kukusikia. Utakuja."

Na alikwenda. Matanga yalikuwa wiki iliyopita, wote tulihudhuria, hata Acidri, ambaye alitengeneza msalaba wa mvule wenye jina la Ezama. Mjomba mmoja alimsema Mzee Taban vibaya sana mbele ya umati, naye akasimama akapokea yote. Kisha wakakubaliana kwamba mvua zikipungua, na barabara ikiwa na amani, atawapeleka akawaonyeshe mahali. Akarudi kukaa chini na wazee, na mtu akampa sahani ya chakula.

Jana darasa letu lilijaa tena. Nikawauliza rasmi, kwa ajili yako, mwisho wa kitabu ni mbovu au mzuri? Hawakukubaliana, kaka. Mzee Taban anasema ni mzuri kwa sababu ndivyo watu tulivyo, na usiguse hata neno. Mama Vumilia amekataa kata kata. Anasema ni mbovu jana, leo na kesho, na ana hamu ya kukuona akuambie usoni, kisha akupikie. Acidri bado anadai mlango uvunjwe. Letasi anataka kitabu cha pili, Inspekta Zawadi arudi kijijini kwa yule bibi, na safari hii anasema muuaji atamjua mapema. Mimi nimekuwa nikiwasikiliza na kumshukuru Mungu kwamba una kalamu. Kule mjini waliosema mwisho wako ni mbovu walisema wakafunga kitabu wakalala. Huku haukuwaacha walale. Mtu aandike kitu gani zaidi ya hicho? Kaa chini, kaka, uandike.

Nisalimie Mama, umwambie namwombea na kitenge chake kimeshachaguliwa na mtaalamu. Msalimie wifi, nashukuru kwa namna anavyokutunza. Baba mkubwa mpe shikamoo yangu, shangazi wa Manyoni mwambie picha zake zimefika, na mwanao wa mwisho mbusu kwenye lile shavu lenye kishimo.

Salamu moja nimeiweka peke yake. Tulipokuwa tunaaga Omugo, Mama Ayikoru alimuuliza Letasi ni nini kilichomfungua mdomo Mzee Taban baada ya miaka yote ile. Letasi akamwambia ni kitabu, kimeandikwa na kaka wa huyu binti, mbali huko. Bibi hajui kusoma. Alifikiri kidogo, macho yamevimba, akanishika mkono, akasema nikuandikie hivi: "Mwambie mama wa Ezama amemlilia mwanawe, mbele ya watu, kwa jina lake. Mwambie asante."

Mdogo wako akupendaye,
Tabitha