Maji Yenye Eponji Ilikataa

Koko Alphonsine mupenzi, nyanya yetu wa mashauri ku radio, unisaidie, juu usingizi imenikimbia. Miye ni Yves, diakone wa kanisa hapa Bunia, watu wa projet ya maji walinichagua ku avenue yetu nijaribu kitu yao mupya, iko kama eponji laini yenye kutetemeka, inajua baridi na joto, asubuhi na baridi unaitia mu maji ya mutoni inakunywa, kisha unaiweka ku jua, ikisikia joto inaachilia maji safi, na wanasema ndugu yake moja itatoa gaz ya hidrojeni mu maji tupike bila moto ya makala, lakini siku Ornella wa projet alikuja kutufundisha nilimwambia asisumbuke, nimeelewa, nikafanya vile siye tunafanya na mizizi ya dawa, nikaloweka eponji mu ndoo, nikaitoa, nikaifunika na kitambaa ya salon wageni waione, tukakunywa maji ya ndoo, na nikasimama mu kanisa nikaambia bamama waache kuchemsha, nikakatia kipande ya eponji jirani Honorine, mwenye alikimbia vita ya Djugu na hata sasa risasi imenyamaza kidogo anaogopa kurudi, sasa Ornella amepita, amenieleza eti eponji inakunywa maji safi tu, maji ya ndoo ndiyo uchafu yenye eponji ilikataa, na mutoto wa Honorine anaharisha, muke wangu Séphora anasema niende niseme kosa yangu, lakini miye diakone nitasema namna gani? Nikisema tu eponji imezeeka, haitoshi? Unishauri heshima yangu isianguke.

Yves mujukuu wangu,

Wamenisomea barua yako, nikaomba warudilie, juu nilizania masikio yangu inanichezea. Eponji imevaa kitambaa mu salon kama televisheni, na diakone anakunywa masalio yake. Miye sikukanyaga masomo, lakini mutu akikuja kunionyesha kazi ya kitu yake, nafunga kinywa na naangalia mikono yake. Weye ulielewa mbele ya kufundishwa. Kweli uko na akili, sasa uitoe mu kitambaa.

Nakuonea huruma, usizanie sina. Ulitaka bamama wapumzike na moshi, ile ni roho muzuri. Na hidrojeni ikifika, sufuria ya kwanza ya sombe, majani ya muhogo, nitapika miye. Lakini eponji haina kosa hapa, usiitupie zambi yako eti imezeeka. Ukisema vile, Honorine atatafuta eponji mupya na ataendelea kunywesha mutoto ile ndoo. Heshima gani unachunga, mutoto akikauka?

Nyanyuka. Usivae kravati. Enda kwa Honorine, umwambie kwa kinywa yako, si kwa kinywa ya Séphora: «Mama, nilikufundisha mubaya, maji hii ni chafu.» Beba mutoto mupaka ku sentre ya afya. Akikutukana, nyamaza, utembee. Makala ya kuchemshia maji yake utaleta weye. Siku ya Mungu usimame mu kanisa palepale ulisimama, useme kwa sauti ileile, kisha umwite Ornella afundishe bamama wote, na weye ukae chini ku mukeka pamoja nao. Watacheka. Miye nimeisha kuanza.

Na juu najua diakone anatembea polepole: Mama Honorine, kama radio yako inafungukaka saa hii, mwaga ile maji ya ndoo sasa. Yves iko njiani anakuja kukuambia sababu.